Naomba ushauri: samaki wangu wa mapambo na baridi ya Dodoma

Habari za jioni ndugu zangu. Nafuga gapi kwenye tangi la kioo la lita 40, hapa Dodoma mjini. Tangu Juni huu upepo wa usiku umenishinda. Asubuhi napima maji nakuta nyuzi 18, na hawa wanataka kama 24. Wanajikusanya chini, mapezi wameyabana, chakula kinaelea tu. Jana amekufa dume mwenye mkia wa rangi ya chungwa, nimeumia kweli.

Tangi nimelisogeza mbali na dirisha, usiku nalifunika blanketi. Nafuu ni kidogo. Kumimina maji ya moto naogopa, joto likipanda ghafla nalo linaua.

Hita ya wati 50 itatosha? Na umeme ukikatika usiku wa manane, wenzangu mnafanyaje?