Mrejesho: ruta ya zamani na faiba ya Mbps 200
Wadau, niliuliza kama ruta yangu ya zamani (kifaa kinachogawa intaneti nyumbani) ndiyo inayobana kasi, maana nalipia Mbps 200 (megabiti kwa sekunde) na sipati hata 95. Ndiyo yenyewe. Nilichomeka laptop kwa kebo moja kwa moja kwenye kiboksi cha faiba, ikasoma 190 na ushee. Kupitia ruta, kebo ileile: 94. Aliyesema nitazame matundu ya kebo kwenye ruta alilenga penyewe: yameandikwa 10/100, yaani mwisho wake Mbps 100 hata upandishe kifurushi vipi. Nimechukua ruta mpya yenye matundu ya gigabiti (hadi Mbps 1000) na waifai ya 5 GHz (masafa ya kasi zaidi). Sebuleni simu inavuta 180; chumba cha mwisho inashuka, kuta za tofali zinaizuia. Asanteni sana, nilikuwa karibu kulipia kifurushi kikubwa zaidi.