MREJESHO: Redio iliyokuwa inakatakata sauti imepona, ila si kabisa

Wakuu, heshima kwenu. Niliuliza kwa nini redio yangu ya programu (SDR, ambayo kazi ya saketi inafanywa na programu) inakatakata: kichakataji kidogo, kizito kwenye kuzidisha, na kila sampuli (kipimo kimoja cha mawimbi, chenye namba mbili, I na Q) nilikuwa naikokotolea saini na kosaini za pembe upya ili kuizungusha na kuhamisha masafa.

Aliyesema nijaribu CORDIC (mbinu ya Jack Volder, 1959), ubarikiwe mkuu. Unaizungusha sampuli kwa hatua za digrii 45, 26.57, 14.04 na kushuka hivyo hivyo, huku au kule, mpaka ufikie pembe unayotaka; kazi ni kusogeza biti na kujumlisha tu. Nimeweka hatua 14. Juzi hapa Majengo, Moshi, umeme ulirudi saa tano usiku, nikawasha, sauti ikatoka laini mpaka jirani akagonga ukuta.

Haikuwa mteremko. Kwanza mawimbi yalikuwa yanapinduka, kumbe CORDIC haivuki digrii 99.9 hivi kila upande. Pembe ikizidi hapo, nageuza kwanza alama za I na Q, hiyo ni digrii 180 tayari, halafu namalizia zilizobaki. Pili, matokeo hukua mara 1.647, biti 16 zikafurika, nikawa nasikia mikwaruzo mitupu. Sasa nasogeza biti mbili kulia (yaani nagawa kwa nne) kabla ya kuanza. Stesheni dhaifu zimeumia kidogo, sawa tu.

Ushauri mwingine, wa kuzidisha mfululizo kwa fezori moja (jozi ya namba inayosogeza pembe kwa kiasi kile kile) badala ya kukokotoa saini kila mara, ulinishinda: makosa ya kukadiria yalijilimbikiza, sauti ikafifia taratibu.

Sampuli 48,000 kwa sekunde inamudu. 96,000 bado inakwama. Asanteni sana.