Wakaguzi wa uwanja wa ndege wameniunguzia mikanda 9 ya filamu ya safari nzima, na hakuna anayenijibu

Wakuu habari zenu.

Hii ni wiki ya tatu nalala na hasira, naamka nayo. Nimeleta hapa kwa sababu barua pepe nne nilizoandika hazijajibiwa hata moja, na najua humu kuna wapiga picha, kuna watu wa ukaguzi wa viwanja vya ndege, na kuna wasafiri watakaofanyiwa kama mimi wiki ijayo.

Natembea na Fuji GA645. Kwa wasioijua, ni kamera ya filamu ya midiamu fomati iliyotoka 1995, lenzi yake ni moja ya milimita 60 na haibadilishwi. Ukiwasha inachomoza, ukizima inarudi ndani. Inafokasi yenyewe, inavuta mkanda yenyewe. Mkanda mmoja wa 120 unatoa picha 16, na eneo la kila picha ni zaidi ya mara mbili na nusu ya lile la mkanda mdogo wa 35 tuliozoea zamani. Niliinunua kwa ajili ya safari tu. Nilishachoka kubeba begi la lenzi nne kwenye daladala na bodaboda, jioni mgongo umekufa na picha zenyewe hazionekani. Hii inaingia kwenye kibegi cha ubavuni, hakuna anayekutolea macho, na kwa kuwa lenzi ni moja huhangaiki kuchagua: ukitaka karibu, unasogea kwa miguu yako. Halafu kidirisha chake cha kutazamia kimesimama wima, kwa hiyo mtu akisimama mbele yako anaingia mzima.

Nilikaa Nungwi, kaskazini mwa Unguja, siku 12. Kuna fundi mmoja mtu mzima pale alikuwa anamalizia jahazi. Nilimkuta anakalafati, pamba bado nyeupe kwenye viungo vya mbao, vijana wanapaka sifa, yaani mafuta ya papa, sehemu ya juu, na harufu yake ikiganda kwenye shati haitoki kwa sabuni moja. Chini walipaka shahamu na chokaa. Walikuwa wanasubiri bamvua, yale maji makubwa ya bahari, ili washue. Siku ya kushua maji yalijaa, kamba zikafungwa, wavuvi wakaacha samaki wao wakaja kuvuta, watoto wa madrasa wakaja, na jahazi likaanza kutembea juu ya magogo kidogo kidogo huku watu wanaimba. Nilipiga mikanda minne siku hiyo, picha 64.

Kabla halijagusa maji, fundi aliniita. Akaniambia, "Mwanangu, nipige hapa, nimeshika usukani. Nimeunda vyombo vingi lakini mwenyewe akija anachukua chake anaondoka, sina hata picha moja niliyosimama nacho." Nikampiga tatu. Nikamwahidi nitamletea kubwa, ya kutundika ukutani.

Sasa tatizo la mikanda hii ni kuisafisha. Dar nimezunguka Posta na Kariakoo, studio nilizozijua zikisafisha mikanda sasa zinaprinti picha za simu na za pasipoti. Nilikuwa na safari ya Hamburg kwenye mafunzo, nikasema nitasafishia huko. Kwa hiyo nikasafiri na mikanda 9 iliyokwisha kupigwa lakini haijasafishwa, yaani iko katika hali ambayo haitakiwi kuguswa na mwanga wala mionzi ya aina yoyote. Na mkanda wa 120 hauna kopo la chuma. Ni filamu na karatasi, vimezungushwa kwenye kigurudumu cha plastiki. Ukimaliza unakunja ncha, unalamba gundi kama bahasha, unabana. Kinga yake dhidi ya mwanga ni ile karatasi basi, na kwa mionzi karatasi haizuii kitu.

Bandarini Unguja nilimweleza mkaguzi, akafungua pakiti moja, akaigeuzageuza, akanirudishia. Uwanja wa kwanza wa ndege, dada wa ukaguzi akafuta mkanda mmoja mmoja kwa kile kitambaa cha kupimia baruti, akakiweka kwenye mashine yake, ikakubali, akaniambia safari njema. Dakika tatu hazikufika. Nawashukuru wote wawili, walijua kazi yao.

Nilipobadilisha ndege ndipo nilipokutana na balaa. Sitautaja uwanja, maana sitaki uzi uhamie kwenye kubishana nchi na nchi. Nilikuta mashine nyeupe, nene, tundu lake la mviringo, na tangazo kwamba laptop na vimiminika viachwe ndani ya begi. Wakuu, shikeni hilo: mkiona tangazo la kuacha laptop ndani, mara nyingi hiyo ni CT. Mashine ya zamani inapiga mionzi kidogo na kutoa picha bapa. CT inazunguka begi na kulipiga kutoka pande nyingi ili itengeneze umbo kamili kwenye skrini, na mionzi inayoingia kwenye filamu ni mingi zaidi. Kodak na Ilford, watengenezaji wa filamu, wote wameshashauri hadharani kwamba filamu isiyosafishwa isipitishwe kwenye CT. Hii siyo imani ya wapiga picha wazee.

Nilimwomba mkaguzi kwa adabu. Nikamwonesha mikanda ikiwa kwenye mfuko unaoonesha ndani, nimeitoa kwenye begi kabisa ili nisimsumbue. Akanijibu kwamba filamu ya chini ya ISO 800 (ISO ni kipimo cha filamu inavyohisi mwanga) haina shida. Hiyo ni kauli ya mashine za zamani! Na mkanda wangu mmoja ulikuwa HP5, filamu ya Ilford ya nyeusi na nyeupe, nilioupiga kwa ISO 1600 ndani ya banda lenye giza, nikamwonesha nilivyouandika kwa kalamu. Hakutazama. Nikaomba msimamizi, msimamizi akaja, akauliza kwa nini nina filamu zama hizi. Nikaiweka mikanda kwenye mfuko wa madini ya risasi, ule wa kuzuia mionzi, niliokuwa nao, ukapita, ukaonekana mweusi kwenye skrini. Wakautoa, wakaifungua, wakaitandaza mikanda yote 9 kwenye trei kama karanga za kuanika na kuipitisha tena. Mara ya pili mkanda wa mashine ukasimama trei ikiwa ndani. Nilisimama pale naitazama. Na kile kitambaa cha baruti kilikuwa mezani, hatua mbili kutoka alipokuwa amesimama!

Hamburg walisafisha vizuri, sina neno nao. Negativu zilipokauka yule bwana wa maabara aliziweka juu ya meza ya taa akanyamaza. Nyeusi ya mlango wa banda imekuwa kijivu, punje zimejaa usoni kwa watu, na kwenye anga kuna vivuli vinapita kama mawimbi, kimoja baada ya kingine, picha hadi picha. Ile HP5 imeungua kabisa. Picha ya fundi na usukani unamtambua kwa kofia tu. Ubaoni mwa jahazi, pale pamba ilipokuwa nyeupe, hakuna kitu. Na pembeni ya negativu, kamera imejiandikia yenyewe, inasomeka vizuri kabisa: f/8, 250, yaani uwazi wa lenzi na kasi niliyopigia.

Najua kuna mtu ataandika "si ungetumia simu". Ndugu yangu, mimi natunza nilichonacho, nimelipia mikanda hiyo kwa mshahara wangu, na kilichomo ni mali yangu kama laptop yako ilivyo mali yako. Laptop yako ingetoka imefutika ungenyamaza?

Sikatai ukaguzi. Nipekueni, nifutieni mikanda yote, nichelewesheni saa nzima. Marekani jambo hili liko kwenye kanuni kabisa, abiria ana haki ya kuomba filamu yake ikaguliwe kwa mkono. Kwa nini kwingine iwe hisani ya mkaguzi aliyeamka vizuri? Na kwa nini mashine haina kibao kinachosema hii ni CT, ili mtu ajue kabla trei haijaondoka? Nimeuliza maswali hayo mawili kwenye barua zangu zote nne. Kwa watakaosafiri: msije mkakimbilia kuweka filamu kwenye begi la kupeleka chini, mashine za huko ni kali pia.

Mlio kwenye ukaguzi, naomba mniambie utaratibu wenu wa ndani unasemaje kuhusu filamu, na malalamiko yanapelekwa kwa nani akajibu.

Fundi amenipigia mara mbili tangu nirudi. Juzi akaniuliza, "Vipi mwanangu, zile picha zimeshasafishwa?" Nikamwambia bado. Nilishindwa. Jahazi lenyewe limeshachukuliwa, liko Pemba. Kama kuna mtu alikuwepo Nungwi siku ile, mwenye hata video ya simu ambamo yule mzee wa kofia nyeupe anaonekana ameshika usukani, tafadhali anitafute PM. Nitaiprinti mwenyewe nimpelekee.