Mrejesho: kile kisu cha kukunja nilichowaulizia

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliwauliza ni kisu gani cha kukunja, kile cha kufyatua kwa kidole cha shahada, kinamfaa anayeanza na mfuko mwembamba. Wengi mlisema nivumilie, niongeze pesa. Sikusikia. Nilinunua cha bei ya kutupa hapa Kampala. Siku ya nne kufuli ikalegea, kisu kikajikunja juu ya kidole changu nikikata kamba. Kovu lipo, chekeni tu.

Basi nikajikusanya, nikaagiza kisu cha kampuni ya Civivi kiitwacho Elementum, cha D2 (aina ya chuma kigumu). Ubapa una sentimita 7.5 hivi na unazunguka juu ya beringi: unabonyeza kile kijino cha mgongoni, tap! umefunguka. Mwanzoni nilikuwa nabonyeza kwa woga, unaishia nusu njia. Kumbe unataka kibonyezwe kwa ghafla.

Yule kati yenu aliyenionya kuwa chuma hiki hushika kutu alisema kweli. D2 inashika kutu usipoitunza. Nilimenya nanasi nikalala bila kukiosha, asubuhi nikakuta madoa. Sasa nakifuta na kukipaka tone la mafuta. Lakini makali yake! Wiki tatu nafungulia maboksi ya dukani, na bado kinachana karatasi.