MJADALA: Kodi ya mji inunue vitabu na filamu za lugha za wahamiaji, au kila jamii ijinunulie?

Binti Upanga, Ontario

Wadau salaam, na wakubwa zangu shikamooni.

Naandika kutoka Kanada, Desemba hii ambapo saa kumi na dakika arobaini jioni jua limeshatua. Mimi ni Mhindi wa Dar. Nimezaliwa Upanga, nyumbani Kigujarati, mtaani Kiswahili, darasani Kiingereza. Jumapili ilikuwa picha ya Kihindi Avalon au Empire, na tukitoka tuliimba nyimbo ambazo hata watoto wa jirani wasiojua neno la Kihindi walikuwa nazo mdomoni. Baba alipofariki nilimchukua mama, akaja huku mwaka 2009. Sasa ana miaka 78.

Majira ya baridi tuna safari yetu moja, kila Jumamosi. Kuvaa tu humchukua nusu saa: soksi mbili, sweta, jaketi zito, buti, na juu ya yote shali yake ya tangu Kisutu. Tunapanda basi mpaka maktaba ya mtaa. Mkahawani ukitaka kukaa lazima ununue. Maktaba ndiyo inayompa mzee kiti, mwanga na joto kutwa nzima, wala haulizwi anataka nini. Mama huenda moja kwa moja kwenye rafu yake. Vitabu vyake huvijua kwa mbali, maana herufi za Kigujarati hazina ule mstari wa juu ulio kwenye Kihindi. Huazima viwili, na diski moja ya filamu, hasa zile za zamani za Raj Kapoor na Nargis. Tukitoka tunapita kwenye uwanja wa barafu wa manispaa, naye anakaa benchi na chupa yake ya chai ya tangawizi, akimtafuta mjukuu wake kwa macho kati ya watoto wanaoteleza.

Mwezi uliopita tumekuta rafu haipo. Vitabu kama mia mbili, vimebaki kumi na tano, vimesukumwa pembeni karibu na mlango wa choo. Tuliambiwa kwa upole kwamba haviazimwi vya kutosha, na kwamba baadhi ya madiwani wanahoji kwa nini fedha za umma zinunue vitabu ambavyo walipa kodi walio wengi hawawezi kuvisoma. Mwezi ujao kuna kikao cha wazi, kila mkazi anaruhusiwa kusema. Mji sitautaja, maana naamini jambo hili linaulizwa miji mingi.

Msimamo wangu: vinunuliwe. Maktaba za Ontario fedha zao nyingi hutoka kwenye kodi ya majengo, na kodi hiyo mama anailipa, hata kama inapitia kwenye pango tunalompa mwenye nyumba. Ila hoja hiyo si kubwa kwangu. Kubwa ni hii: mama alikaa miaka miwili nchini humu bila kutoka ndani isipokuwa hospitali na sokoni. Kilichomtoa ni kusikia kwamba maktaba kuna vitabu vya Meghani, yule aliyekusanya ngano za Saurashtra ambazo bibi yangu alikuwa akimsimulia. Akaenda kwa ajili ya Meghani. Kando ya ile rafu palikuwa na tangazo la darasa la mazungumzo ya Kiingereza, bure, kila Jumanne. Nikamsomea. Amehudhuria miaka mitatu. Wanaosema vitabu vya kwao vinawafungia wazee ndani ya ukwao, mimi nimeona kwa macho yangu kitabu cha kwao kikimtoa mzee nje.

Na kuna watu huku wanadhani Kiingereza kina kila kitu. Gandhi aliandika habari za maisha yake kwa Kigujarati. Kile kilichoko kwenye rafu ya Kiingereza ni tafsiri. Cha asili ni kimojawapo cha vile vilivyoondolewa.

Nasubiri maoni, hasa ya wanaopinga.

Baba Watatu, Calgary

Dada, mfikishie mama heshima zangu. Mimi napinga, nikuambie kwa nini.

Nimetoka Bukavu, Kongo, nikakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu pale Kigoma miaka tisa, ndipo nikafika huku na mke na watoto watatu. Sikusoma kitabu cha Kiswahili hata kimoja miaka minne ya kwanza. Nilikuwa nabeba nyama kwenye mtambo wa kuchinja ng'ombe usiku, mchana nasoma Kiingereza. Mke wangu alisubiri nafasi ya darasa la Kiingereza miezi saba kwa sababu walimu walikuwa wachache. Miezi saba mtu mzima hawezi kumweleza daktari mahali panapomuuma!

Fedha ya umma ni ile ile moja. Ukinunua vitabu mia mbili vya Kigujarati, vya Kiswahili vyangu navyo vitanunuliwa lini? Na vya Msomali? Na vya Mtigrinya? Hakuna atakayetosheka. Mimi nasema fedha yote iende kwa mwalimu wa Kiingereza, maana hicho ndicho sote tunakihitaji. Kitabu cha nyumbani nitatumiwa na ndugu yangu. Mwalimu siwezi kutumiwa ndani ya bahasha.

Mama kupata darasa kupitia rafu ni jambo zuri, lakini tangazo lile lingeweza kubandikwa hekaluni.

Mkazi wa Scarborough

Namuunga mkono Baba Watatu, kwa sababu nyingine. Mimi pia Mhindi, wazazi wangu wa Kisumu.

Toronto mwaka 1972 mtu mmoja alikodi ukumbi wa sinema Gerrard Street East, akauita Naaz, akaanza kuonyesha filamu za Bara Hindi. Hakuomba senti ya manispaa. Watu walitoka mbali na watoto wao kwenye theluji kuja kutazama, na waliokuja kutazama walitaka pia kula, wakataka sari, wakataka vito. Maduka yakafuatana mpaka mtaa mzima ukawa soko la Kihindi, na lipo hadi leo. Jamii ikitaka kitu chake, itakijenga.

Pili, "lugha ya Wahindi" ni ipi? Katiba ya India ina lugha 22 kwenye jedwali lake. Na Kikachi tunachosema wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki hakimo. Ukinunua Kigujarati umemwacha Mtamili, ukinunua Kitamili umemwacha Mmalayali.

Tatu, watoto wetu wanamsoma Vassanji. Kazaliwa Nairobi, kakulia Dar, kahamia Kanada 1978, kashinda Giller, tuzo ya vitabu ya Kanada, mara mbili, 1994 na 2003. Kaandika habari zetu zote kwa Kiingereza. Urithi haujapotea, umehamia kwenye lugha nyingine.

Mkutubi, Dar es Salaam

Naomba nichangie kitaalamu, maana hii ndiyo kazi yangu kwa miaka ishirini na miwili.

Kila anayesomea ukutubi, awe Dar, awe Toronto, anafundishwa kanuni tano za Ranganathan. Alikuwa mwalimu wa hisabati Madras, akapewa maktaba ya chuo kikuu mwaka 1924, akaenda London kusomea kazi hiyo, na mwaka 1931 akachapisha kanuni zake. Ya kwanza, vitabu ni vya kutumiwa. Ya pili, kila msomaji na kitabu chake. Ya tatu, kila kitabu na msomaji wake. Ya nne, okoa muda wa msomaji. Ya tano, maktaba ni kiumbe kinachokua. Kwa hiyo wakutubi wa huko wanaomnyima mama Mgujarati kitabu chake wamefundishwa kazi na Mhindi aliyesema kila msomaji apewe chake. Kikaoni litaje hilo jina, watalijua.

Sasa hili la "haviazimwi vya kutosha". Dada, usilikubali bila kuuliza maswali. Kupunguza vitabu rafuni ni sehemu ya kazi yetu, hatuwezi kuweka vyote milele. Lakini kitabu huazimwa kikionekana. Ukikiweka karibu na choo, ukaacha kununua vipya kwa miaka mitano, ukakiandika kwenye orodha ya kompyuta kwa herufi za Kiingereza ambazo msomaji wake hawezi kuzitafuta, kitakosa msomaji, halafu utatoa takwimu kwamba hakina msomaji. Uliza mambo matatu: mara ya mwisho kununua vitabu vipya vya lugha hiyo ni mwaka gani? Vimeorodheshwa kwa herufi zake? Na vitabu vinavyosomewa pale pale kwenye kiti vinahesabiwa? Mama yako anakaa kutwa. Ninavyojua mimi, anachokisoma akiwa amekaa hakiingii kwenye hesabu ya kuazima mpaka mtu aamue kukihesabu.

Ndugu wa Scarborough, maktaba zenye lugha nyingi huzungusha makasha. Vitabu mia vinakaa tawi hili miezi mitatu, vinahamia jingine. Toronto ina matawi 100. Huhitaji kununua lugha 22 mara mia.

Mzee wa Leicester

Wanangu, mimi nimezaliwa Mwanza, nikafanya biashara Kampala hadi 1972 Amin alipotupa siku tisini. Kabla hatujafika, halmashauri ya Leicester, hapa Uingereza, ilitia tangazo gazetini, kwenye Uganda Argus, ikituomba tusiende huko kwa kuwa nyumba na shule zimejaa. Tulikwenda. Nilikuwa na sanduku moja.

Miaka ya mwanzo tulikodi ukumbi Jumapili kutazama picha, kama huyo wa Naaz. Mwanangu wa Scarborough, umesema kweli, tulijijengea. Lakini umeanza hadithi ukaiacha nusu. Miaka ya themanini video ziliingia majumbani, na Naaz ikafungwa kama kumbi zetu zilivyofungwa. Kila mtu alibaki kwake na televisheni yake. Biashara hukaa maadamu kuna faida. Mke wangu alipofiwa na dada yake, majira ya baridi, alichokuwa nacho cha kwenda nje ni maktaba ya Belgrave. Nina vitabu vyake arobaini hivi vya Kigujarati. Nikipewa anwani nitavituma.

Binti Upanga, Ontario

Mzee, shikamoo. Nimekusoma mara mbili. Mama akavisikia vitabu arobaini, akaniuliza ni vya waandishi gani.

Ndugu wa Scarborough, Vassanji nampenda, na Kiswahili na Kikachi vimo ndani ya Kiingereza chake, ukisoma unasikia sauti za Dar. Lakini mama hawezi kumsoma. Siwezi kumwambia mwanamke wa miaka 78 kwamba urithi wake upo salama, umehifadhiwa kwenye lugha asiyoisoma.

Mkutubi, ahsante sana. Yale maswali matatu nimeyaandika. La herufi limenigusa zaidi, kwa sababu nilikuwa namtafutia mimi kwenye kompyuta miaka yote hii, nikidhani ni kwa ajili ya macho yake.

Baba Watatu, wewe ndiye uliyeniweka macho usiku. Nikiambiwa nichague kati ya rafu ya mama na mwalimu wa mkeo, nitamchagua mwalimu, na mama naye atamchagua. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba tumeshafika hapo pa kuchagua. Kwenye bajeti ya maktaba yetu, niliyoisoma jana kurasa zote, vitabu vya lugha zote zisizo Kiingereza na Kifaransa ni mstari mmoja mdogo, na hakuna palipoandikwa kwamba kinachookolewa kitaenda kwenye darasa. Kikaoni nitauliza: kinaenda wapi? Kama jibu ni mwalimu wa Jumanne, nitakaa chini. Na tangazo la hekaluni, kaka, nakubali, libandikwe na huko.

Kila msemaji anapewa dakika tano. Nilimwambia mama nitamsemea. Hataki. Anasema ataanza kwa Kiingereza, kikimwishia ataendelea kwa Kigujarati na mimi nitafsiri.

Wa Ottawa, Edmonton na Minneapolis, huko kwenu rafu za Kiswahili zipo? Nani alizidai, na alidai vipi? Nahitaji mifano kabla ya kikao.