Marvel au DC: nina jioni tatu za kuonyesha, nichukue upande gani?

Deki ya Mwanga (Kigoma)
Wakuu, salaam. Nina kibanda cha video hapa Mwanga: mabenchi, projekta moja, spika mbili. Shule zikifungwa vijana wanajaa, na safari hii nimewaahidi jioni tatu za mashujaa, muvi mbili kila jioni. Wateja wamegawanyika, nusu Marvel nusu DC, zile kampuni mbili za Marekani za muvi za mashujaa. Kuchanganya sitaki. Mwaka jana nilichanganya, kila upande ukaona umepunjwa.

Msimamo wangu nauweka wazi. Kwa kazi nzima, Marvel wako mbele. Kuanzia Iron Man ya 2008 hadi Avengers: Endgame ya 2019 ni muvi 22 zilizofungwa pamoja kama mabehewa, na ile ya mwisho iliingiza zaidi ya dola bilioni 2.7 duniani. DC walitaka njia hiyo hiyo wakakosa subira. Man of Steel, ile ya Superman, ilitoka 2013, kisha 2016 wakawapiganisha Batman na Superman wakati huyo Batman mpya hatujakaa naye hata dakika kumi. Nani anaona tofauti? Na mngekuwa nyie mngechagua sita zipi?

Reli ya Kati (Tabora)
Mkuu, hayo mabehewa ndiyo yanayokuponza. Treni abiria anapandia Kaliua na Kigoma anafika. Marvel ukipandia katikati hufiki popote.

Mimi nimekulia Isevya. Infinity War tuliiona kabla ya Civil War, kwa sababu ndivyo zilivyotufikia kwa kijana anayetujazia flashi. Watu wanauliza: mbona Captain America ana ndevu, ngao yake iko wapi, kwa nini hasemezani na Tony Stark, yaani Iron Man? Hakuna wa kujibu. Halafu tumelelewa tukijua steringi hafi. Mashujaa walipoanza kugeuka vumbi mmoja mmoja na muvi ikaishia hapo, jamaa walimfuata yule kijana wakidai hela yao. Walidhani amewapa muvi iliyokatwa.

Sasa chukua The Dark Knight, muvi ya Batman, nayo ni ya 2008. Mtazamaji hahitaji kujua chochote kabla. Heath Ledger, aliyeigiza Joker, adui wa Batman, alifariki Januari mwaka huo kabla muvi haijatoka, na 2009 akapewa tuzo ya Oscar akiwa kaburini. Unamwona Joker akiingia chumbani tu, unajua huyu mtu hatafuti pesa. Na ile sehemu ya feri mbili! Moja ina wafungwa, nyingine raia wa kawaida, kila feri imepewa kitufe cha kulipua nyingine. Nyie watu wa ziwani mnaolala juu ya magunia ndani ya boti usiku kucha, hebu fikirini mmo humo. Mfungwa mmoja mkubwa wa mwili anakiomba kile kitufe, mnadhani anakibonyeza, anakitupa majini. Tulipoiona mara ya kwanza hakuna aliyekohoa. Sijapata kukutana na kitu kama hicho Marvel, na nimeziona karibu zote.

Binti Ujiji
Kaka zangu mnazungumza kana kwamba kibandani wanaingia wanaume tu. Na ukweli ni kwamba wanaingia wanaume tu, kasoro siku moja: siku ya Black Panther, 2018. Mama yangu mdogo, mtu wa kuuza migebuka Kibirizi, asiyejua Marvel ni nini, alikuja na shoga zake wawili. Walikaa hadi mwisho wakimtazama Lupita, mtoto wa jirani zetu Kenya, na wale walinzi wanawake wenye vichwa vilivyonyolewa.

Kasoro naziona. Wakanda, ile nchi ya kubuni ya kwenye muvi, wanatuambia iko upande wetu huu wa Afrika, lakini lugha ni Kixhosa cha kule kusini, na lafudhi zao kila mtu na yake. Hata hivyo Ruth E. Carter alipata Oscar ya mavazi, seti na muziki zikapata zake, na ikawa muvi ya kwanza ya mashujaa kuingia kwenye kinyang'anyiro cha muvi bora ya mwaka. Na Killmonger, adui wa mfalme wa Wakanda, namweka sawa na Joker wako, kaka Reli. Joker anataka vurugu. Killmonger ana hoja: mlikuwa na nguvu zote hizi, sisi tulipokuwa tunateswa mlikuwa wapi? Mfalme mwenyewe mwisho anabadilika kwa sababu ya swali la adui yake.

Ila DC nawapa haki yao. Shujaa wa kike kupewa muvi yake ndani ya hizi zinazoungana, wao walitangulia: Wonder Woman, 2017, mwongozaji Patty Jenkins. Marvel wakafuata na Captain Marvel 2019.

Asali ya Sikonge (Tabora)
Mnasahau mapokezi. Wahakiki wa Ulaya na Marekani waliicheka Batman v Superman kwa sababu ugomvi unaisha pale wanapogundua mama zao wote wanaitwa Martha. Mimi sikucheka na sitacheka. Huku kwetu ukitaja mama wa mtu, ama ugomvi unawaka ama unazimika papo hapo. Yule Batman anasikia mtu anayekufa akimwombea mama yake, na jina ni lile lile la marehemu mama aliyeuawa mbele ya macho yake. Mkono lazima ushuke. Ukumbi niliokuwamo ulielewa bila kufafanuliwa.

Kuhusu Justice League ya 2017, ile DC waliyokusanya mashujaa wao, mwongozaji Zack Snyder alifiwa na binti yake akaiachia njiani, mwenzake Joss Whedon akaimalizia kwa kupiga upya sehemu nyingi. Henry Cavill, anayeigiza Superman humo, alikuwa na masharubu ya kazi nyingine, wakayafuta kwa kompyuta, mdomo wa Superman ukawa kama wa sanamu ya udongo. Mashabiki walipiga kelele miaka mitatu na zaidi mpaka 2021 toleo la Snyder likatoka, saa nne nzima. Watu hawapiganii hivyo kitu wasichokipenda.

Fundi Spika (Kigoma)
Deki, ngoja nikupe ya ufundi, maana projekta yako naijua, niliibadilishia taa. Muvi za DC ni za giza. The Batman ya 2022 karibu yote ni usiku na mvua. Kwenye sinema za mijini inapendeza, lakini ukutani kwako, na mlango unafunguliwa kila dakika, watu wataona vivuli vinapigana. Marvel wanapiga picha za mwanga, hata aliye benchi la nyuma anaona.

Na mfasiri je? Utani wa Tony Stark ukifasiriwa unapoa, mfasiri inabidi atunge wake. Lakini Batman akikaa kimya, mfasiri mzuri anapata nafasi ya kusimulia. Hapo DC wanashinda.

Reli ya Kati (Tabora)
Giza nakubali. Ila si zote. Aquaman ya 2018 ina mwanga mpaka chini ya bahari, na iliingiza zaidi ya dola bilioni moja. Kwa watu wa Tanganyika hiyo ungeikosaje?

Mwembe wa Cheyo (Tabora)
Nyote mnaongelea zamani. Marvel wa baada ya Endgame si wale. The Marvels ya 2023 iliishia kama dola milioni 206 tu, na sababu ninayoiona ni ile aliyoisema Reli: ili uelewe wale wanawake watatu ilikupasa uwe umeona tamthilia mbili pembeni. Wamegeuza starehe kuwa mtihani. DC nao mwaka huo huo waliangusha The Flash, na Joker ya pili 2024 ikawaumiza waliopenda ya kwanza.

Mtu wa kumtazama sasa ni James Gunn. Guardians of the Galaxy za Marvel ni zake. Leo yeye na Peter Safran wanaongoza DC. Superman yake ya 2025 inaanza shujaa ameshapigwa yuko chini kwenye theluji. Haturudishwi Krypton, sayari alikozaliwa, na shambani alikolelewa hatupelekwi ila kwa muda mfupi. Unaingia, unaelewa. Amejifunza mahali Marvel walipokosea.

Deki ya Mwanga (Kigoma)
Wakuu nimesoma yote mara mbili. Nilikuja na Marvel mkononi, nimeiweka chini. Wateja wangu hawaji kila siku. Aliyekuja jana leo yuko ziwani anavua. Kinachonifaa ni muvi inayosimama yenyewe.

Jioni ya kwanza Wonder Woman na Aquaman. Ya pili Batman Begins, halafu The Dark Knight saa tatu usiku giza likishakamata. Ya tatu Man of Steel na Superman ya 2025, wabishane wenyewe nani Superman. Joker ya 2019 siigusi, watoto watakuwa wengi.

Binti Ujiji, sikukusahau. Black Panther naiweka Jumapili saa nane mchana, peke yake, kina mama nusu kiingilio. Mama mdogo namwekea benchi la mbele.

Binti Ujiji
Atakuja na shoga zake. Safari hii wamefika watano.

Fundi Spika (Kigoma)
Saa nane mchana lile dirisha la upande wa barabara lizibe na blanketi, shuka halitoshi. Nitapita Jumamosi na ngazi.