Shule ya chata ya miradi: mtoto akichagua mwenyewe, hesabu inabaki wapi?

mwl_wa_kaskazini
Wakuu, salaam. Tunazungumzia shule ya chata (ya umma, ila inajiendesha yenyewe kwa mkataba) ya sekondari hapa Minnesota, Marekani, wanafunzi 90. Haina vipindi, kila mtoto anachagua mradi wake, kama ilivyo Minnesota New Country School tangu 1994. Mnazuiaje mapengo, ilhali jimbo linapima kusoma darasa la 10 na hesabu darasa la 11? Na mlezi mmoja, yaani mwalimu anayesimamia miradi, abebe watoto wangapi?

Mlezi_Miradi
Mwalimu, hesabu itoe kwenye miradi. Mradi wa nyuki utazaa asilimia na grafu, lakini hauwezi kumfikisha mtoto kwenye aljebra ya darasa la 11. Tenga saa moja ya hesabu kila siku, kila mmoja kwa kiwango chake, na nusu saa ya kusoma kimya.

Mradi usianze bila fomu: swali, vyanzo visivyopungua vitatu (kimojawapo mtu wa kuhojiwa), kitakachoonyeshwa mwishoni, makadirio ya saa, na namba za viwango vya jimbo (yale ambayo jimbo linataka mtoto ayajue) vitakavyoguswa na mradi. Namba hizo azitafute mtoto. Akijaziwa na mlezi, siku ya kuwasilisha hajui anathibitisha nini. Walezi wawili wasaini kabla ya kazi, na haohao ndio wapime.

Watoto 18 kwa mlezi ndiyo mwisho. Dakika 20 za kila mtoto kwa wiki tayari ni saa 6.

Bi_Ratiba
Naongeza: uhuru utolewe kwa ngazi. Sheria haiwaruhusu kuchuja waombaji. Wakizidi nafasi ni bahati nasibu, kwa hiyo mtapokea pia watoto ambao hawajawahi kujipangia hata siku moja. Mradi wa kwanza uwe wa wiki mbili, mada nne za kuchagua. Wa pili achague mada, mlezi amsaidie fomu. Wa tatu ni wake wote.

Saa za kazi ya mradi ziandikwe siku hiyohiyo. Zikijazwa zote Ijumaa, nyingi ni za kukisia.

Na msidharau hili: fedha za jimbo humfuata mwanafunzi. Wakihama tisa, asilimia 10 imeondoka na pango la jengo liko palepale.

mwl_wa_kaskazini
Asanteni sana. Mradi ukimshinda katikati?

Mlezi_Miradi
Aruhusiwe kuuacha, ila kwanza aandike ukurasa mmoja: alichopata na kilichomkwamisha. Saa zenye ushahidi zihesabiwe. Ukizifuta, mradi unaofuata atachagua ulio mwepesi.